Nyimbo za Ndani na Nyimbo za Barazani

Hoja ni hii: kati ya wimbo unaosema wazi na wimbo unaofumba, upi unabeba moyo wa mtu kwa ukweli zaidi? Pwani ya Afrika Mashariki ubishi huu haukosi penye harusi. Wazee wanalalamika kwamba taarabu ya leo ni matusi yaliyotiwa kinanda. Vijana wanajibu kwamba taarabu ya jana ilikuwa unafiki uliovaa baibui. Nimeugawa ubishi huo kwa sauti tatu. Wenye sauti hizo nimewatunga mimi, lakini wanayoyasema yanasemwa kila siku.

Wa kwanza ni bibi wa Ng'ambo, Unguja, aliyewahi kuwa somo wa wari wengi unyagoni, anayeijua ngoma ya msondo na aliyekuwa hakosi taarabu ya klabu. Wa pili ni mwalimu wa fasihi, mzaliwa wa Rorya mkoani Mara, anayefundisha sekondari Dar es Salaam. Wa tatu ni kijana wa Tandale, jijini humohumo, MC wa muziki wa singeli. Nami nina upande wangu, na nitausema.

BIBI: Wimbo unaotaja kila kitu haumwachii mtu pa kuingilia. Mimi nikienda kwenye taarabu siendi kusikiliza mambo ya mwimbaji, nakwenda na yangu. Nina donge langu hapa kifuani, nimekaa nalo, sina wa kumwambia, maana ninayemlaumu ni wifi yangu na nyumba ni moja. Basi mwimbaji anaimba habari ya ua lililokosa maji, fidla na kanuni zinajibizana, mimi nimetulia kitini. Ukifika ubeti wangu nainuka. Sikimbii. Noti naishika juu ionekane, nakwenda mwendo wa ngoma, nampitia mbele yule ninayemkusudia, wala simtazami. Namtunza mwimbaji, narudi zangu kukaa. Nimeshasema. Ukumbi mzima umejua kuna neno, na hapana anayeweza kunishitaki. Naye kama ana jibu, angoje ubeti wake.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu wachambuzi wengi wa mashairi wanalipita jambo hili wakikimbilia kuhesabu vina na mizani. Mtunzi wa ule ubeti wa ua hakumjua bibi wala wifi. Mwimbaji naye hajui kwa nini ametunzwa, anashukuru kwa kichwa na kuendelea. Usiku uleule, ubeti uleule, mwanamke mwingine atainuka kwa ajili ya mume aliyemwacha, na mwingine kwa furaha tu ya kuwa binti yake ameolewa. Ua ni lilelile. Uchungu, wivu na furaha vimekuja na wasikilizaji, kila mmoja na chake. Mtu akiniuliza hisia za taarabu ziko wapi, nitamwambia aache kutazama jukwaa, atazame njia ile ya katikati ya viti.

MWALIMU: Bi Mkubwa, uzuri wa hilo naukubali. Ninachouliza ni kwa nini ulilazimika kupita njia hiyo. Fumbo ni lugha ya asiyeruhusiwa kusema. Mke hawezi kumwambia wifi, mtwana hawezi kumwambia bwana, raia hawezi kuiambia serikali, basi wote wanaimba habari za maua na ndege. Na taarabu yenyewe haikupata nguvu kwa fumbo peke yake. Ilianza kama burudani ya jumba la Sultan Barghash, ikiimbwa Kiarabu kwa wakubwa. Aliyeileta kwa watu ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu, akaimba Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Miongoni mwa nyimbo zake upo ule wa Kijiti. Mwanamke mgeni, mjamzito, anauawa baada ya usiku wa starehe. Muuaji anatorokea bara. Mahakama ya wakoloni inawaadhibu wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Siti hakuzungumza habari za ua. Alimtaja muuaji kwa jina lake. Nani atasema wimbo ule hauna uchungu?

BIBI: Hapana wa kusema hivyo, mwanangu. Lakini angalia Siti alifunua nini. Alifunua aibu ya mahakama na ukatili wa mwanamume, mambo ambayo mji mzima ulishayajua. Moyo wa marehemu hakuufunua. Hakusema alimpenda nani, wala alikuwa akiwaza nini usiku ule. Dhulma itajwe kwa jina, hiyo sawa. Siri ya mtu ni kitu kingine.

Jibu hili limenipendeza kuliko nilivyotarajia. Tunapolaumu uwazi au fumbo kwa jumla, tunachanganya mambo mawili: kumtaja mkosaji, na kumvua nguo aliyekosewa. Wanawake wa Mombasa waliokuwa katika vyama vya ngoma ya lelemama walilijua hili. Mtu akifanya jambo la aibu alitungiwa wimbo, na wimbo ule ukamkuta barabarani. Hiyo ilikuwa hukumu ya hadharani, na ilikuwa kali. Huzuni ya mtu wao wenyewe haikupelekwa barabarani namna hiyo.

MWALIMU: Nitakupa mfano mwingine, Bi Mkubwa. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Alisema wazi, bila ua wala ndege. Akafungwa miaka mitatu. Huko gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakaja kuwa Sauti ya Dhiki, kitabu cha mwaka 1973. Ndani yake lipo shairi la mamba. Kila msomaji anajua mamba yule si wa mtoni. Mtu aliyesema wazi alilazimishwa kufumba, na waliomlazimisha ni askari. Hiyo ndiyo hofu yangu kuhusu kulisifu fumbo: tusije tukaisifu minyororo.

Mwaka uliofuata Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye chini ya utawala wake mshairi huyo alifungwa. Nadhani mwalimu amejipunguzia hoja yake kwa mfano wake mwenyewe. Ni kweli fumbo lilizaliwa kwenye dhiki. Lakini likishazaliwa, linafanya kazi ambayo waraka hauwezi: linaingia kwenye dhiki ya mtu mwingine kabisa. Mamba wa Abdilatif anaweza kuwa mwenye nyumba, mkubwa wa kazini, hata ndugu. Waraka unabaki na watu wake na mwaka wake. Kwa nini tuchague kimoja? Mtu yuleyule aliandika vyote viwili, na vyote viwili vilitoka moyoni mwake.

KIJANA: Shikamoo, bibi. Shikamoo, mwalimu. Mimi nisikilizeni kidogo. Nyinyi mnazungumza kama vile kila mtu ana kiti ukumbini. Singeli imetoka Manzese na Tandale. Madogo walichukua vinanda vya taarabu yenu, wakaviweka kwenye kompyuta, wakavikata, wakavirudia, wakavipandisha mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Hatukuwa na udi, hatukuwa na kanuni, tulikuwa na kompyuta mbovu na maikrofoni moja. Mtaani kwetu kigodoro kinapigwa barabarani, kuanzia jioni hadi alfajiri. Ukiimba habari ya ua kwa mwendo wa taratibu, nani atakusikia? Mimi nina sekunde chache. Nasema sina hela, nasema mama anaumwa, nasema demu kanikimbia kwa sababu ya kodi ya nyumba. Watu wanapiga kelele kwa sababu ni yao.

BIBI: Na matusi, mjukuu wangu?

KIJANA: Yapo, bibi, siwezi kukataa. Lakini mipasho hatukuileta sisi. Miaka ya tisini watu walijaa kumbini kuwatazama Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano wakirushiana maneno, na waliojaa hawakuwa madogo wa singeli. Walikuwa mama zetu.

Kijana ana haki. Ushindani ule ulijaza kumbi, na ulifanya hivyo kwa kulipunguza fumbo hadi likabaki utando mwembamba, kila mtu akiona nani anasemwa. Waliosema taarabu ile imekufa hawakuwa wakitazama nyuso za wanawake waliokwenda kutunza. Kwa wengi wao, baada ya wiki nzima ya kuuza maandazi na kunyamaza mbele ya watu, ile ndiyo ilikuwa saa pekee ya kuwa na ulimi.

Kisha bibi akasema jambo lililougeuza mjadala wote.

BIBI: Nyote wawili mnadhani sisi hatujui kusema wazi. Mwalimu anadhani tuliogopa, mjukuu wangu anadhani tuliona haya. Mimi nimecheza wari. Msondo unapolia ndani ya chumba, mlango umefungwa, hakuna mwanamume, hakuna mtoto, hakuna asiyechezwa, basi mle ndani hakifichwi kitu. Mwili unatajwa. Kitanda kinatajwa. Uchungu wa kuzaa unatajwa, na mume mkorofi, na namna ya kumtuliza, na namna ya kumkomesha. Tunaimba, tunaonyesha kwa viuno, tunacheka mpaka machozi, na mwari akilia tunamwacha alie. Nyimbo zile nikiwaimbia hapa mtakimbia nyote wawili, na huyu wa singeli atakuwa wa kwanza. Tukitoka nje tunajitanda kanga na kusema habari za ua. Uwazi tunao. Una mahali pake.

KIJANA: Sasa bibi, hiyo ndani unayoisema, sisi tunayo wapi? Kwetu chumba kimoja, watu sita. Pazia ndiyo ukuta. Nilivyokua mimi nimesikia kila kitu, wazazi wakigombana, jirani akilia. Hakuna barazani wala ndani. Yote ni barabara.

Sijasikia hoja nzito zaidi ya hiyo katika ubishi huu wote. Tunapomlaumu kijana wa singeli kwa kuyapeleka barabarani mambo ya chumbani, tunasahau kwamba mji haukumpa chumba. Uwazi wake si wake peke yake. Midundo mingi ya ngoma za wanawake imo ndani ya singeli, na ngoma ya kigodoro na ngoma ya mwari ni ndugu. Bibi anasema yaleyale kwa watu waliochaguliwa, kijana anasema kwa yeyote anayepita.

Tusisahau pia kwamba unyago wenyewe uliletwa pwani na watu wa bara, Wayao, Wamakonde, Wangindo na wengine, ambao wengi wao walifika kama watumwa. Waliporwa karibu kila kitu, lakini chumba kile walikijenga upya, na nyimbo wakaziingiza ndani yake.

MWALIMU: Basi niruhusuni nisimulie habari ya Fumo Liyongo, shujaa wa utendi, kwa sababu naona imo humu. Liyongo yuko gerezani, anataka tupa ya kukatia minyororo. Hawezi kumwambia mama yake wazi, askari wanasikia. Anamwimbia kijakazi Saada maneno ya fumbo, ayapeleke kwa mama. Mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri kwa ajili ya askari na mkate wa wishwa kwa mfungwa, na tupa imo ndani ya ule wa wishwa. Askari wanakula mizuri, mfungwa anapata wake. Fumbo limemwokoa, kwa sababu yupo mtu upande wa pili aliyejua kulifumbua. Sasa nenda mwisho wa utendi. Mwanawe mwenyewe amemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaelekeza mshale, na roho inatoka akiwa vilevile. Watu wanaogopa kuteka maji, wanadhani yu hai na amekasirika. Wanamwendea mama. Mama anakwenda kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo, siku baada ya siku, amsihi hasira zimtoke. Hajibiwi. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanajua kwamba alikuwa akiimbiwa maiti.

BIBI: Maskini mama wa watu.

MWALIMU: Nikiisoma na wanafunzi, darasa linanyamaza hapo. Wimbo wa mama ulikuwa wazi kabisa, hauna fumbo hata moja, na haukufika popote, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mtu. Kwetu Rorya mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, akiimba msibani, mtu anaweza kumtolea pesa ausimamishe wimbo, ajisifu au amsifu marehemu, halafu nyatiti iendelee. Nilipoona kutunza kwenu pwani nikasema, hiki nakijua. Wimbo unangoja mtu aingie.

Mwalimu aliyeanza kwa kulishitaki fumbo ameishia karibu na bibi, na sidhani kama ameshindwa. Ameona kwamba swali tuliloanza nalo lilikuwa na kasoro. Uwazi au fumbo ni namna mbili za kusema, na kila moja imekuwepo pwani hii tangu zamani. Kinachoamua kama wimbo umebeba moyo wa mtu ni nani yuko upande wa pili. Bibi alipoinuka na noti yake, wifi alikuwepo na ukumbi ulikuwepo. Liyongo alipofumba, mama yake alikuwepo. Kijana wa Tandale anapopiga kelele saa nane usiku, mtaa mzima unaitikia, na kwa hilo tu nampa heshima yake, matusi yake nikiyakataa.

Hofu yangu mimi iko kwingine, kwenye simu. Siku hizi shughuli ya wanawake inarekodiwa na mtu mmoja aliyekaa pembeni, na kabla hina ya bi harusi haijakauka, nyimbo za ndani ziko mikononi mwa wanaume wasiojulikana, Dar es Salaam, Muscat, popote. Wanaotazama hawawezi kuitikia. Hawakuchezwa, hawamjui mwari, hawajui kwa nini yule mama pale kona analia. Wanaona viuno tu. Wimbo uliokuwa mafunzo na faraja unageuka kichekesho, na siku inayofuata wanawake wale wanaacha kuuimba. Waulize makungwi, wapo waliokwisha kuacha.

KIJANA: Lakini Bi Kidude aliutoa msondo mpaka Ulaya, bibi. Alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Mbona mnamsifu?

BIBI: Fatuma binti Baraka, huyo Bi Kidude, alikuwa mwenye ngoma yake. Alijua lipi la kupeleka jukwaani na lipi la kubaki chumbani, na akirudi Unguja alikuwa akiwacheza wari kama kawaida, mpaka uzee ukamshika. Nyinyi mnachukua msichopewa. Mwenye kutoa na mwenye kuchukua si sawa, mjukuu wangu.

KIJANA: Hapo umenishika, bibi. Sauti za msondo nilizoziweka kwenye ngoma yangu moja nilizitoa kwenye simu ya mtu. Sikumuuliza mtu.

BIBI: Basi kaulize. Wala hawatakula.

Hukumu yangu ni hii. Kuhifadhi nyimbo za pwani kwa kurekodi sauti na kuandika maneno ni kazi njema, ila ni nusu ya kazi, na ni nusu nyepesi. Nusu ngumu ni kuhifadhi nafasi zenyewe: chumba chenye mlango, ukumbi wenye njia katikati ya viti, mtaa ambao jirani bado anaweza kujibu. Mipango ya utamaduni huanza na jukwaa la tamasha na spika kubwa. Ningependa ianze na chumba. Kila kata yenye ukumbi itenge usiku wa wanawake, simu zikiachwa mlangoni, na Tandale wapate nafasi hiyo kama wanavyoipata Mji Mkongwe.

Kwa wasanii wa singeli: mnapochukua mlio wa msondo au kinanda cha taarabu, mtafuteni mwenye ngoma, mpate ridhaa yake, mmlipe. Na wewe msomaji, kama una bibi anayezijua nyimbo za ndani, nenda ukakae naye wakati bado yupo. Muulize alikuwa akitunza ubeti upi na kwa ajili ya nani. Ukitaka kurekodi, mwombe ruhusa kwanza, na yeye ndiye aamue lipi litoke nje.